Molekuli ilibaki Uingereza: kisa cha mhitimu wa uzamivu wa Moshi aliyehamia baioteknolojia

Mwanamke mmoja wa Old Moshi alimaliza shahada ya uzamivu nchini Uingereza kwa utafiti wa kingamwili (protini za kinga, kila moja hushika kitu chake maalumu) zinazoshika seli za saratani ya umio, ile ambayo mitaani tunaiita saratani ya koo. Leo ameajiriwa na kampuni ya baioteknolojia inayotengeneza vipimo vya haraka vya homa, na kituo chake cha kazi ni Arusha. Mjomba wake anasema amepotea njia: alikwenda kutafuta dawa ya saratani, akarudi na vikaseti vya kupimia damu ya kidole. Mimi nasema hakupotea. Naandika uchambuzi huu kwa ajili ya vijana wetu walio katikati ya uzamivu, ambao wengi wao wanaamini kwamba mali yao ni molekuli waliyoipata maabara. Molekuli ya mhitimu huyu ilibaki kwenye jokofu la chuo, tena kisheria ni ya chuo. Alichoondoka nacho ni uwezo wa kuthibitisha kwamba kingamwili inashika kile inachodaiwa kushika, na uwezo huo ndio uliompatia kazi.

Jina lake, la chuo cha Uingereza na la kampuni nimeyaacha kwa makubaliano naye. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Alinikuta alipokuja mafunzo kwa vitendo akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na tangu hapo ananiita Mwalimu. Nimesoma tasnifu yake, na amenionyesha barua zake za kuomba kazi, zilizokataliwa na iliyokubaliwa.

Kwa nini umio

Aliyekulia mlimani hahitaji kuelezwa sana juu ya ugonjwa huu. Bibi yake mzaa mama alianza kwa kukwamwa na nyama, zikafuata ndizi, mwisho hata mtori ukawa haupiti. KCMC, hospitali yetu ya rufaa hapa Moshi, wanawajua wagonjwa wa namna hiyo, na wengi wao hufika wakati upasuaji hauna tena nafasi. Tuko ndani ya ukanda unaoanzia Ethiopia, ukashuka kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio ya seli bapa inaonekana kwa wingi usio wa kawaida, na huwapata hata watu ambao bado ni vijana. Moshi ni mojawapo ya vituo vya ESCCAPE, utafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, uliofanyika pia Kenya na Malawi ili kutafuta sababu. Chai ya moto ni mshukiwa mmojawapo. Mwaka 2016 IARC iliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yumkini vinasababisha saratani, na utafiti uliochapishwa mwaka mmoja kabla ya hapo kuhusu wanywaji wa chai Kilimanjaro ulikuta wanaanza kuinywa ikiwa na wastani wa zaidi ya nyuzi 70.

Kwa hiyo hakuchagua mada kwa kubahatisha. Shahada ya kwanza aliisomea Dar es Salaam kwa mkopo wa Bodi, ya uzamili hapa Tengeru katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, kisha akapata ufadhili wa kwenda Uingereza.

Huko aliwekwa kwenye kipokezi kiitwacho EGFR. Ni protini iliyokaa juu ya utando wa seli, kazi yake kupokea ujumbe wa kukua, na kwenye saratani nyingi za umio za seli bapa huwa nyingi kupita kiasi. Kingamwili ya kukiziba kipokezi hicho ilikwishakuwapo: cetuximab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Mtu angetegemea ifanye kazi na kwenye umio. Mwaka 2013 jaribio la SCOPE1, la Uingereza hiyo hiyo, likaonyesha kinyume: wagonjwa walioongezewa cetuximab juu ya kemotherapia na mionzi waliishi muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuongezewa. Msimamizi wake alikuwa na wazo jingine, la kuiacha shughuli ya kuziba na kuitumia kingamwili kama mbebaji wa sumu, ishike seli ya saratani, iingizwe ndani, iachie mzigo. Njia hiyo ilikuwa na mfano hai, trastuzumab emtansine, iliyoruhusiwa mwaka huo huo wa 2013 kwa saratani ya matiti.

Alitafuta kingamwili zake kwa kutumia bakteriofaji, virusi vinavyoshambulia bakteria. Unachukua mabilioni ya bakteriofaji, kila kimoja kimebeba juu ya ganda lake kipande tofauti cha kingamwili, unavimwaga juu ya protini unayoilenga, unaosha visivyoshika, unavikuza vilivyobaki, unarudia. George Smith alionyesha msingi wa njia hii mwaka 1985, Gregory Winter akaigeuza kuwa njia ya kutengenezea kingamwili za tiba, na wote wawili walipata Nobel ya kemia mwaka 2018. Adalimumab, iliyoruhusiwa mwaka 2002, ilipatikana kwa njia hiyo.

Mwisho wa tasnifu alikuwa na vipande vilivyoshika vizuri na kuingia ndani ya seli. Kwa panya, uvimbe ulipunguza kasi ya kukua lakini haukurudi nyuma. Ni matokeo ya heshima, yanayotosha kumpa mtu shahada, wala si dawa. Na hata yangekuwa bora zaidi, barabara iliyobaki ilikuwa ndefu. Köhler na Milstein walichapisha njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja mwaka 1975. Kingamwili ya kwanza kutibu saratani kwa idhini ya Marekani, rituximab, ilifika mwaka 1997. Trastuzumab, ya saratani ya matiti, ilipata idhini mwaka 1998, ikaingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, na nakala yake ya kwanza ya bei nafuu ikathibitishwa ubora na shirika hilo mwishoni mwa 2019. Tangu idhini ya kwanza hadi hapo ni miaka 21, na hata sasa mgonjwa hawezi kuandikiwa dawa hiyo bila kwanza kupimwa kama uvimbe wake una HER2, protini ambayo dawa hiyo inaishika, kipimo ambacho chenyewe kinategemea kingamwili nzuri, mtu anayejua kuisoma slaidi, na sampuli ya ulinganisho iliyowekwa pembeni kila siku.

Jambo hili la mwisho lilimkaa moyoni. Aliniandikia akiwa bado Uingereza: "Mwalimu, nimekuwa nikifikiria dawa tu. Lakini dawa inasubiri kipimo, na kipimo nacho ni kingamwili." Nadhani safari yake ilianza kugeuka hapo, kabla hajajua kwamba inageuka.

Milango iliyokuwapo

Msimamizi wake alimpa nafasi ya kuendelea na utafiti kwa mkataba wa miaka miwili. Aliikataa bila kusita sana. Alikwishaona wenzake wanaotoka mkataba mmoja wa aina hiyo kwenda mwingine huku umri unakwenda. Ualimu wa chuo kikuu hapa nyumbani aliutaka kweli. Aliomba nafasi ya mhadhiri kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, akaitwa usaili, akasubiri. Wakati anasubiri Bodi ya Mikopo haikuwa imemsahau. Sheria inamtaka mnufaika aliyeajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na aliye bila mshahara bado anadaiwa.

Mlango wa kampuni aliuendea vibaya mwanzoni, na hapa kuna somo ambalo wahitimu wetu wanalihitaji sana. Barua zake za kwanza alizipeleka kwa kampuni za Ulaya zinazotengeneza kingamwili za kutibu saratani. Zote zilianza na uvimbe: ukubwa wa tatizo la saratani ya umio, EGFR, panya. Kisha orodha ya machapisho. Nikizisoma leo naona barua za mtu anayeomba kuendelea na tasnifu yake kwa gharama ya mwingine. Kampuni hizo zina watu wengi waliosomea uvimbe. Hakuna mahali aliposema: nikipewa kingamwili kumi zinazodaiwa kushika kitu kimoja, naweza kukuonyesha kwa ushahidi ni ipi inashika kweli, kwa kasi gani, kwa muda gani, na nini kingine inashika bila kukusudiwa.

Sentensi hiyo ilitoka mdomoni mwake siku moja tukizungumza, nikamwambia aiandike kama ilivyo. Barua iliyofuata ilianza nayo. Saratani ilishuka hadi aya ya tatu, ikawa mahali ambapo ujuzi ulipatikana. Barua hiyo ilikwenda kwa kampuni yenye makao makuu Ulaya na timu ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, iliyokuwa ikitafuta mwanasayansi wa kuboresha na kuhakiki vipimo vya homa, awe tayari kukaa kaskazini mwa Tanzania.

Niseme kidogo kuhusu neno baioteknolojia kwa masikio ya huku kwetu. Ukilitaja Moshi, mtu anafikiria miche ya kahawa kutoka TaCRI Lyamungu au migomba ya chupa, na si vibaya, kwa sababu hiyo nayo ni baioteknolojia. Ya mifugo inajulikana pia. Kibaha kuna kiwanda cha chanjo za wanyama. Lakini ajira ya kingamwili kwa afya ya binadamu bado ni chache mno nchini, na ndiyo maana mtu anayetaka kuishi nyumbani inambidi atazame kampuni za nje zenye kazi ya kufanyia huku. Jambo moja linatusaidia: TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba (wakati huo ikiitwa TFDA), ilifikia kiwango cha tatu cha ukomavu cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, ikiwa ya kwanza Afrika katika usimamizi wa dawa, na mamlaka inayoaminika humpa mwekezaji sababu ya kuja.

Vilivyotupwa kwenye kiambatisho

Kwenye usaili hawakumuuliza juu ya saratani. Walimwekea mbele picha za vikaseti vya CRP na jedwali la matokeo. CRP ni protini inayotolewa na ini wakati mwili una mchomo (inflamesheni) au maambukizi. Kwa mtu mwenye afya huwa chini ya miligramu chache kwa lita, na kwa mwenye maambukizi makali ya bakteria hupanda hadi mamia. Haikuambii ni mdudu gani, lakini inamsaidia tabibu kuamua kama kuna haja ya kufikiria antibiotiki. Kwenye picha zile, mstari ulikuwa ukikolea jinsi CRP inavyopanda, kisha kwa sampuli za juu kabisa ukafifia. Wakamuuliza: kingamwili zimeharibika?

Alijibu kwamba kingamwili ni nzima, tatizo ni antijeni, yaani kile kinachoshikwa na kingamwili, hapa CRP yenyewe, kuzidi. Kipimo cha aina hii kinatumia kingamwili mbili. Moja imepakwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu zinazosafiri na sampuli, nyingine imebandikwa kwenye mstari. Antijeni ikiwa ya kadiri, upande mmoja inashikwa na ya dhahabu na upande wa pili inashikwa na ya kwenye mstari, dhahabu inanaswa, rangi inaonekana. Antijeni ikifurika, kila kingamwili inapata antijeni yake peke yake, hakuna inayobaki wazi kuunganisha, na dhahabu inapita moja kwa moja. Mgonjwa mwenye hali mbaya kuliko wote anaonekana ana nafuu. Dawa yake ni kuzimua sampuli, au kuongeza mstari mwingine wa kugundua mafuriko hayo, au kubadili uwiano wa kingamwili. Alilijua hilo kutokana na ELISA (vipimo vya maabara vinavyotumia kingamwili) za tasnifu, ambako jambo hilo hilo liliwahi kumpotezea wiki kadhaa.

Swali la pili ndilo ninalolipenda zaidi katika kisa chote. Walimuuliza angechagua kingamwili ipi kati ya mbili zenye nguvu sawa ya kushika.

Nguvu ya kushika ni uwiano wa mambo mawili: kasi ya kushika na kasi ya kuachia. Kingamwili mbili zinaweza kuwa na namba moja ya jumla huku moja inashika polepole na kung'ang'ania, nyingine inadaka upesi na kuachia upesi. Kwa saratani, hasa ile ya kubeba sumu, alikuwa amefundishwa kutafuta zinazokaa muda mrefu. (Hata hapo kuna mpaka, inayong'ang'ania kupita kiasi hunasa kwenye seli za kwanza inazokutana nazo pembezoni mwa uvimbe, na katikati hakifiki kitu.) Kwenye kikaseti mambo ni mengine. Damu ikishachanganyika na kimiminika inapanda kwenye utepe wa nitroselulosi na kuupita mstari kwa sekunde chache. Kingamwili inayohitaji dakika nyingi kuamka haina maana hapo, hata kama ikishashika haiachii wiki nzima. Msomaji wa kipimo anasubiri dakika 15 au 20 tu. Kinachotakiwa ni kudaka upesi.

Sasa, kwenye tasnifu yake kuna kiambatisho chenye jedwali la vipande alivyovikataa. Kila kimoja kimepimwa kasi zote mbili kwa mashine inayotumia mwanga kufuatilia jinsi molekuli zinavyoshikana na kuachana. Vingi vimeandikwa "kinaachia haraka mno" na kuwekwa kando. Aliwaeleza wasaili kwamba ndani ya jedwali hilo kuna vipande vilivyodaka upesi kuliko vyote alivyochagua, na kwamba kama lengo lake lingekuwa kikaseti badala ya uvimbe, angegeuza orodha nzima juu chini. Vilishika EGFR, kitu ambacho kampuni haikuwa na haja nacho. Walichokuwa na haja nacho ni mtu aliyehifadhi vipimo vya vitu alivyovitupa, na aliyeelewa kwamba ubora wa kingamwili hauna maana mpaka useme inakwenda kufanya kazi gani.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nawaona wanafunzi wa uzamivu wakiona aibu kuandika walichokikataa. Kiambatisho cha mhitimu huyu kilikuwa na thamani ya ajira kuliko sura yake ya panya.

Kuna ujuzi wa tatu ambao haukuulizwa sana lakini umemsaidia kila wiki tangu aanze: kutoamini lebo ya chupa. Mwaka 2015 wanasayansi zaidi ya 100 waliweka majina yao kwenye andiko katika jarida la Nature, wakitaka kingamwili za utafiti zifafanuliwe kwa mfuatano wa jeni zake na kutengenezwa kwa njia hiyo, kwa kuwa nyingi zinazouzwa hazishiki kile kilichoandikwa kwenye chupa. Yeye aliyapata hayo kwa mateso, kingamwili ya kununua iliposhika protini nyingine kabisa kwenye seli ambazo EGFR ilikuwa imeondolewa. Tangu hapo hakubali matokeo yasiyo na sampuli isiyo na kitu kinachotafutwa.

Kilichomshinda mwanzoni

Asiye na habari angedhani sayansi ndiyo iliyokuwa ngumu. Ilikuwa ni utaratibu. Maabara ya chuo inamsifu mtu anayebadili njia leo akipata wazo jana usiku. Kampuni ya vifaa tiba inaendeshwa chini ya kiwango cha ISO 13485: kila hatua ina mwongozo wenye namba, kila badiliko linaombwa, linapitiwa, linasainiwa. Katika miezi ya mwanzo aliona kwamba chumvi kidogo zaidi kwenye kimiminika cha kuzimulia inasafisha mstari wa uongo. Akaiongeza. Alikuwa sahihi, na mstari ulisafika. Bechi nzima ya majaribio iliwekwa kando kwa sababu hakuna karatasi iliyosema imebadilika.

Alinipigia akiwa na hasira. "Mwalimu, nimewatengenezea kipimo, wananiuliza fomu!" Nilimwambia, na bado naamini, kwamba fomu ile ni sehemu ya kipimo. Muuguzi wa zahanati ya Mto wa Mbu hana njia ya kujua bechi ya Machi inatofautiana vipi na ya Juni. Anachoamini ni kwamba hazitofautiani. Utafiti wa chuo unatafuta kama jambo ni kweli. Kiwanda kinatafuta kama litakuwa lile lile mara ya elfu kumi, mikononi mwa mtu ambaye hujawahi kumwona. Amelielewa hilo, ingawa ilichukua muda, na leo yeye ndiye anayewafunza wapya.

Joto nalo lilimfundisha. Vipimo vingi vya haraka vimeandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30, vingine hadi 40. Nenda kwenye duka la dawa Same mwezi Februari, saa nane mchana, chini ya bati. Ule mstari wa udhibiti ambao kila mtu anautazama unaonyesha tu kwamba kimiminika kimepanda na kingamwili ya dhahabu imefika. Mara nyingi hauna uhusiano wowote na uhai wa kingamwili iliyobandikwa kwenye mstari wa kipimo. Kikaseti kilichoungua kinaweza kuonyesha mstari wa udhibiti uliokolea na kumwambia mgonjwa hana kitu. Sehemu kubwa ya kazi yake sasa ni kuviweka vikaseti kwenye joto la juu kwa miezi na kuangalia ni lini vinaanza kusema uongo.

Kama kazi hii ina uzito wa saratani

Mjomba ana hoja, na sitaki kuipuuza. Familia ilimsomesha mtoto baada ya bibi kufa kwa saratani, na ukoo ulitegemea jibu la saratani. Mama yake, mwalimu mstaafu anayepokea pensheni ya PSSSF, wasiwasi wake ulikuwa mwingine: "Mwanangu, mkataba wa miaka miwili nao ni kazi?" Alimwonyesha michango ya NSSF, mama akanyamaza bila kuridhika sana.

Jibu langu kwa mjomba liko kwenye takwimu za hospitali zetu wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa hapa Moshi, KCMC na Mawenzi, kati ya 2007 na 2008. Asilimia 60.7 walitambuliwa na madaktari kuwa na malaria. Walipopimwa kwa kina, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa asilimia 1.6. Waliobaki walikuwa na mambo mengine, yakiwamo magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama kama leptospirosisi, homa ya Q na brusela, ambayo karibu hayakuwa yakifikiriwa kabisa wodini. Watu walikuwa wakipewa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Hali ya malaria na vipimo imebadilika tangu wakati ule, lakini swali la nini kinachofuata baada ya kipimo cha malaria kusema hapana bado liko mezani kwa kila tabibu wa zahanati, na vifaa vya kulijibu ni vichache. Kingamwili zinazodaka upesi na kuvumilia bati la Same zitaokoa maisha mlimani na nyikani miaka mingi kabla ya mbebaji wa sumu wa saratani ya umio kufika KCMC. Sisemi utafiti wa umio uachwe. Nasema huyu mmoja, kwa ujuzi aliokuwa nao na mahali alipotaka kuishi, alichagua vizuri.

Pale nisipokubaliana naye ni kwenye machapisho. Matokeo ya panya hayajachapishwa mpaka leo, kwa sababu ameingia kazini na msimamizi ana wanafunzi wengine. Mtafiti mwingine atarudia njia ile ile kwa fedha za umma, atumie wanyama wale wale, afike pale pale. Nimemwambia, anakubali kwa mdomo, na rasimu bado imelala.

Mikataba yake miwili ningependa kila mhitimu aisome kabla ya kusaini yake. Ule wa chuo ulisema wazi kwamba vipande vya kingamwili na mfuatano wa jeni zake ni mali ya chuo. Kwa hiyo alipofika kampuni hakubeba hata mfuatano mmoja, na alikuwa salama. Ule wa kampuni ulikuja na kifungu cha usiri kilichoandikwa kwa upana kiasi cha kumzuia hata kufundisha. Hakusaini siku hiyo. Aliomba kiongezwe kifungu kinachomruhusu kufundisha misingi na kusimamia wanafunzi kwa mambo yasiyohusu bidhaa za kampuni, wakakubali baada ya barua pepe mbili. Wengi wetu tunaogopa kuomba badiliko kwenye mkataba, tukidhani kazi itaondoka. Kwa mtaalamu wanayemhitaji, haiondoki kwa sababu hiyo.

Kwa kifungu hicho sasa anasimamia, pamoja na mhadhiri mmoja wa Arusha, mwanafunzi wa uzamili anayetaka kujua vikaseti vinavyouzwa sokoni vinapata joto kiasi gani kwenye maduka ya dawa kati ya Same na Mto wa Mbu, na kama bado vinasoma sawasawa baada ya hapo. Kwa kuwa watatumia sampuli za watu, maombi ya kibali cha maadili yamepelekwa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Wakati wanasubiri, mwanafunzi anafundishwa kuandika daftari la maabara kwa utaratibu wa kiwandani: wino, tarehe, sahihi, kosa linakatwa kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, na kila kilichokataliwa kinaandikwa pamoja na sababu.